Msiseme Hamna cha Kuficha

Wanangu, jambo hili nimelisema mpaka sauti inakauka. Nalisema tena kwa kuwa bado nawasikia barazani mkijibu: "Mimi sina cha kuficha, waache wasikilize."

Nani kawaambia siri ni ya mhalifu peke yake? Mgonjwa anayemwandikia daktari wake ana siri. Mume na mke wana siri. Karani anayefichua wizi wa mali ya umma ana siri, na akijulikana mapema atafukuzwa kazi kabla mwizi hajaguswa. Ndiyo maana Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, imeyapa mawasiliano ya mtu hifadhi pamoja na maskani yake. Hiyo si hisani ya mkubwa yeyote. Ni haki yenu.

Sasa tazameni mambo yanavyokwenda. Askari wakija kupekua nyumba, kwa kawaida mwenyewe yupo, mjumbe ameitwa ashuhudie, na vilivyochukuliwa vinaandikwa na kutiwa saini. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 32, inampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kumwamuru yeyote mwenye data azitoe kwa ajili ya upelelezi, bila kupitia kwanza kwa hakimu. Taarifa zako zinaweza kuchukuliwa nawe umelala, wala hukupigiwa hodi. Desemba 2016 Maxence Melo wa Jamii Forums alikamatwa, akashtakiwa kuzuia upelelezi kwa kukataa kutoa taarifa za watu walioandika kwenye mtandao wake.

Siwafundishi kuichukia dola. Matapeli wa simu wapo, magaidi wapo, na polisi lazima wapeleleze. Ninachotaka ni hakimu asimame katikati: aulize sababu, aweke mpaka, aweke muda. Askari mwenye shauri la kweli hapungukiwi kitu kwa kuulizwa.

Nanyi wenyewe jilindeni. Tangu laini zianze kusajiliwa kwa alama za vidole, wapo mawakala wanaosema, "Weka tena kidole, haijasoma," kumbe wanasajili laini nyingine kwa jina lako. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda ukaifute. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, ingawa imeweka misamaha kwa mambo ya usalama na upelelezi, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumika kwa kazi gani. Isomeni, muitumie.

Haki isiyodaiwa hupotea, na watakaokuja kuitafuta ni watoto wenu. Mbunge akirudi jimboni, baada ya kumuuliza habari za maji na barabara, muulizeni pia kifungu cha 32 kitarekebishwa lini. Msimwachie aondoke bila jibu.