Marejeo ni Ngamani: Tafakuri juu ya Kurudi Nyumbani

Wahenga wa pwani yetu walinena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ni wanafunzi wachache ambao hawajapata kuiandikia insha methali hii, na aghalabu huieleza kwa wepesi kwamba mtu hata akizunguka vipi, mwisho hurudi alikotoka. Asemaye hivyo amekwisha kukubali jambo moja bila ya kulichunguza, nalo ni kwamba ngama humngojea. Je, aliyeondoka ana haki ya kupokewa, au kupokewa ni hisani iliyo mikononi mwa waliobaki?

Swali hili ni la kale. Wagiriki walilitungia utenzi mrefu uitwao Odyssey, unaonasibishwa na mshairi Homer. Shujaa wake, Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca, alipigana miaka 10 katika vita vya Troy, kisha akatangatanga miaka 10 mingine kabla ya kufika kwao. Jitu la jicho moja liliwala wenzake, dhoruba ikamvunjia chombo, na Calypso, mungu wa kike, akamzuia kisiwani mwake miaka 7 akimuahidi kwamba hatakufa wala hatazeeka. Naye akachagua kurudi kwa mke ambaye alijua fika kuwa anazeeka. Wanafunzi hupenda sana visa hivyo vya baharini, hasa kile cha jitu, nami siwalaumu. Lakini nusu nzima ya utenzi huo hutukia baada ya Odysseus kutia mguu katika ardhi ya kwao, na nusu hiyo ndiyo inayotuhusu hapa.

Aliteremshwa ufukweni akiwa usingizini, na alipoamka hakuitambua nchi yake mwenyewe. Aliingia nyumbani kwake kwa mavazi ya ombaomba, akakuta wanaume zaidi ya 100 wanakula mali yake na kumposa mkewe. Aliyemtambua bila ya kuambiwa alikuwa mbwa wake mkongwe aliyetupwa penye samadi, akatikisa mkia, akafa. Kisha akamtambua yaya aliyemlea, kwa kovu la mguuni. Mke wake Penelope hakufanya haraka. Hata baada ya Odysseus kuwaua wale wanaume alimjaribu: akamwamuru mtumishi akitoe nje kitanda cha bwana. Odysseus akahamaki, kwani kitanda kile alikichonga mwenyewe juu ya shina la mzeituni lililo na mizizi ardhini, hakihamishiki. Siri hiyo haikujulikana na mgeni yeyote. Hapo ndipo aliporudi kwa hakika, ingawa siku kadhaa zilikuwa zimepita tangu alipofika.

Sasa na tuje kwetu. Mtu atokaye mjini Unguja akafuata njia ya pwani kuelekea kaskazini, hupita Maruhubi, na Mtoni penye magofu ya jumba la Sayyid Said bin Sultan, kisha hufika Bububu. Wako wasemao kwamba jina hilo ni mlio wa gari la moshi lililokuwa likienda huko kutoka mjini mwanzoni mwa karne ya 20. Maelezo hayo yanapendeza, lakini si sahihi, kwani binti wa Sayyid Said aliliandika jina la Bububu katika kitabu chake mwaka 1886, kabla ya reli ile kuwapo. Binti huyo, Salme, alizaliwa Mtoni mwaka 1844, na alipata kukaa Bububu katika nyumba iliyo karibu na bahari.

Kisa chake kinajulikana, kwa hiyo nitakieleza kwa ufupi. Alijifunza kuandika kwa siri, jambo ambalo wasichana wa jumba lile hawakufundishwa. Nduguye Barghash alipokula njama ya kumpindua ndugu yao Majid mwaka 1859, Salme, msichana wa miaka 15, ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za njama hiyo. Njama ikashindwa, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Baadaye Salme alipatana na Majid, akaiacha nyumba ya Bububu kwa ombi lake, na waliokuwa upande wa Barghash wakaona amewasaliti. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, alitoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa na kuolewa mwaka 1867, kisha akaenda Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alifariki katika ajali ya tramu, akabaki mjane na watoto watatu katika nchi ya baridi. Mwaka huohuo Majid naye alifariki, na Barghash akashika utawala.

Alirudi mwezi wa Agosti 1885, baada ya miaka 19. Alikuja kudai urithi wake na, kwa maneno yake mwenyewe, kuiona nchi aliyoipenda. Watu wa mjini walimtambua wakamsalimia njiani. Nduguye hakumpokea. Alijaribu tena mwaka 1888, baada ya Barghash kufariki, na mara hiyo pia akaondoka mikono mitupu. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg, na inasimuliwa kwamba alizikwa pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja.

Ni rahisi kumhukumu Barghash, na wengi wamefanya hivyo. Mimi nasita. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, aliyetoka katika dini hamrithi Muislamu. Mtawala hakuitunga sheria hiyo siku ile ili kumkomoa dada yake. Tena lazima tutazame alivyokuja. Odysseus aliingia kwake peke yake, kwa matambara, akayavumilia matusi na mateke ili ajue kwanza nyumba yake imekuwaje. Salme alikuja pamoja na manowari za Wajerumani, zilizotia nanga mbele ya mji ili kumlazimisha Barghash akubali himaya yao huko bara. Huenda moyo wake ulikuwa safi. Lakini ndugu aliyechungulia dirishani aliona mizinga kwanza, na nyuma ya mizinga ndipo alipomwona dada.

Hata hivyo lipo jambo ambalo siwezi kumsamehe Barghash. Yeye naye alikuwa amepata kuwa mgeni wa nchi ya watu, akaonja Bombay uchungu wa uhamisho kwa miaka kama miwili, kisha akarejea akapokewa. Na baina yake na Salme ilikuwako siri mfano wa kile kitanda cha mzeituni, yaani zile barua za mwaka 1859, zilizoandikwa kwa mkono wa msichana aliyehatarisha maisha yake kwa ajili yake. Penelope alikuwa na haki ya kushuku, na aliitumia haki hiyo kwa kuuliza swali. Barghash hakuuliza. Angeweza kumnyima urithi kwa mujibu wa sheria, na bado akamketisha barazani akamuuliza habari za watoto. Mtawala huyuhuyu ndiye aliyeyavuta maji ya chemchemi za Bububu kwa mabomba hadi mjini, yakanywewa na mwenyeji na mgeni.

Jambo hili halikwisha na kizazi kile. Baada ya mwaka 1964 Wazanzibari wengi waliondoka, baadhi kwa hofu, baadhi kwa kufukuzwa, baadhi kutafuta maisha, wakakaa Oman, Uingereza na kwingineko. Wengine hurudi kwa ziara. Wenyeji huwatazama viatu, hao nao huwatazama wenyeji nyumba, na kila upande hungoja mwenziwe aanze kusema.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu visa hivi viwili, nilitaraji waniulize juu ya jitu la jicho moja. Msichana mmoja wa nyuma alinyosha mkono akauliza, ingekuwaje lau Odysseus angelijibu sawasawa juu ya kitanda, na Penelope akasema: ndiyo, ni wewe, lakini nenda zako. Darasa likacheka. Yeye hakucheka, alikuwa akingoja jibu.