Chungu cha Elisha na Unga wa Mihogo



Mama mmoja wa kusanyiko letu hapa Muhumba anateseka mwezi wa tatu sasa. Tumbo linamjaa na kumkata akila, na nyayo zinamchoma na kufa ganzi, hata kandambili ikimvuka hasikii. Amepimwa mara mbili, na jina la ugonjwa halijapatikana. Katika maombi ya usiku wengine wetu wakajidai wamelipata: karuho. Wakamtaja jirani anayemchotea maji. Tunasema wazi, tumeona haya. Hakuwa Roho aliyesema; ni woga wetu.

Tufungue 2 Wafalme 4, tangu mstari wa 38. Njaa ilikuwa Gilgali. Mtu akaenda shambani, akachuma matunda ya porini asiyoyajua, akayakatia chunguni. Walipoonja wakapiga kelele. Tazameni Elisha: hakuuliza adui ni nani. Aliomba unga, akashughulika na chungu. Maana sumu ile ililetwa na ndugu yao mwenyewe, aliyetafuta chakula kwa nia njema.

Na chungu chetu sisi? Mihogo michungu ina sumu, sianidi, inayotoka ikilowekwa siku tatu hivi na kuanikwa vizuri juani. Lakini njaa na vita vikibana, siku tatu zinakuwa moja. Mwaka 1938 munganga Trolli aliandika habari za konzo kule Kwango, neno la Wayaka, maana yake miguu iliyofungwa: miguu inakakamaa ghafula, wala haifunguki tena. Mwaka 2011 watafiti waliandika kwamba imeonekana kwetu pia, Burhinyi katika Mwenga.

Hatusemi mama huyu ana konzo. Konzo hukaza miguu. Yake inachoma na kufa ganzi. Kuchoma huko kwaweza kutoka kwa kisukari, kwa upungufu wa vitamini, kwa kanyanga (yeye hanywi), hata kwa isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, ikimezwa bila vitamini B6. Kwa hiyo chakula pekee hakitampa jina la ugonjwa wake. Asiache kupimwa, wala asiache dawa aliyoandikiwa.

Lakini akingoja, chungu kitazamwe. Unga wa soko la Nyawera hatujui mihogo yake ililowekwa siku ngapi. Basi unaloweshwa kwa maji, unatandazwa mwembamba juani saa mbili, au kivulini saa tano, sumu ipae. Ndipo unasongwa siku ile ile. Sombe itwangwe na kuchemshwa sana. Sambaza na maharagi visikosekane, maana mwili hutumia nguvu ya vyakula hivyo kuondoa sumu. Kwa tumbo lake, maharagi kidogo kidogo.

Tena asibadilishe vyote kwa siku moja. Danieli naye aliomba siku kumi, kisha nyuso zikalinganishwa. Mtoto wake wa shule anaandika katika daftari: amekula nini, saa ngapi tumbo limeuma, ganzi imefika wapi. Munganga atapenda daftari hilo kuliko maelezo yetu marefu.

Jambo moja linatuhusu sisi wazee. Tulikuwa tumemwekea mfungo wa siku saba bila maji. Tumeuondoa. Mwili unaokosa chakula hauna cha kupigania, na hatutaki kujibu mbele za Mungu kwa miguu ya mama. Maombi yanaendelea, kila Jumatano, sisi ndio tutakaofunga.

Tunajua hali ya mji tangu Februari 2025, na jinsi fedha zilivyo ngumu. Jumatatu anarudi kwa munganga. Mama wawili watamsindikiza, nauli itatoka katika sadaka. Jirani yule tulimwendea kuomba msamaha. Alitukaribisha, akatupa viti. Lakini dumu la maji, hadi leo, analibeba mtoto.