Umande wa Jangwani ni Riziki ya Nani?

Kwenye mchanga wa Sharqiya, huku Oman, wakati wa kutembea ni mara tu baada ya Sala ya Alfajiri. Jua likishapanda upepo huanza, na habari zote za usiku zinafutika. Mapema hivyo bado unaona mbweha alipozunguka kilima, mjusi alipoburura mkia. Juzi niliinama kufuata nyayo za dundu, vitone vidogo vya safu mbili. Zilikwenda zikakutana na nyayo za ndege, zikakoma hapo.

Binamu yangu, ambaye wazee wake kama wangu walirudi kutoka Unguja baada ya 1970, hushikilia kwamba vyote vilivyomo ardhini viliumbwa kwa ajili ya mwanadamu. Aya anazozitoa ni za kweli, sibishani nazo. Ninachomuuliza ni hiki: yule dundu alikuwa riziki ya ndege usiku ambao hapakuwa na mtu hata mmoja wa kunufaika. Sisi tumeingiaje hapo?

Kisha kuna miti ya ghaf, upande wa mashariki wa mchanga. Mizizi yake huzama makumi ya mita kutafuta maji, na ukungu wa Bahari ya Arabia ukiingia usiku, vijani vyake huunasa. Ukisimama chini yake asubuhi unaona tone la umande linakua kwenye ncha, linadondoka, mchanga unalinywa papo hapo. Matawi ya chini yamekatika kwa usawa mmoja kama ukingo wa paa: hapo ndipo shingo ya ngamia inapofika. Ngamia ana haki yake kwenye mti ule, na mwenye ngamia anayo kupitia kwake. Hilo namkubalia binamu bila shaka yoyote.

Ila umande huohuo ndio uliomlisha choroa wa Arabuni, mnyama awezaye kukaa muda mrefu bila kisima, akitosheka na unyevu wa majani. Wa mwisho wa porini waliuawa kwenye uwanda wa Jiddat al-Harasis, hukuhuku Oman, mwaka 1972. Wawindaji walikuwa na magari na bunduki, hawakuwa na njaa. Waliorudishwa mwaka 1982 walitokana na kundi lililofugwa, na Waharasis, wenyeji wa uwanda huo, wakawa walinzi wao. Hata hivyo, mwaka 2007 hifadhi ya choroa hao ilifutwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, baada ya eneo lake kupunguzwa kwa asilimia 90.

Naamini kila kiumbe kina tasbihi yake ambayo hatuifahamu. Qur'ani imesema hivyo waziwazi. Basi anayemuua choroa kwa kujifurahisha ananyamazisha dhikri asiyoielewa, na ukhalifa wa mwanadamu duniani haukumpa ruhusa hiyo. Binamu husema nimezidisha. Lakini tukienda kupiga kambi hatukati tena ghaf kwa ajili ya mishikaki. Mkaa tunaununua Ibra, na gunia hulibeba yeye.