Mtu na Hasira Yake

Waingereza husema mtu huipisha hasira njia. Waswahili husema hasira humpanda mtu, huzuni humshika, hofu humwingia. Katika usemi wa kwanza mtu ni mtenda; katika wa pili ni mtendwa. Je, mtendwa ana hatia?

Mkoa wa Shinyanga, ambamo Segese imo, umeshuhudia kwa miaka mingi vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za uchawi; dalili yao ni macho mekundu, nayo wekundu wake hutokana na moshi wa meko. Mtoto hufa, huzuni ikawashika wafiwa. Hapo hawana lawama. Lakini baadaye humwendea mpiga ramli, ambaye kazi yake Serikali iliipiga marufuku mwaka 2015. Hutajiwa jina, huchanga ujira wa muuaji, hungoja usiku. Kila hatua ina nafasi ya kurudi nyuma.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 201, humpunguzia kosa aliyeua kwa ghadhabu ya ghafla kabla haijapoa. Haimpunguzii aliyeitilia kuni ghadhabu yake isipoe. Kushikwa si hiari. Kukataa kuachiliwa ni hiari. Lugha yasema kwamba hasira hupanda. Haikusema kwamba haishuki.