Galileo, Newton na kalenda mbili

Vitabu vingi vya sayansi husimulia kwamba Galileo alifariki mwaka 1642 na mwaka huohuo Newton akazaliwa, kana kwamba mmoja alimkabidhi mwenzake kijiti. Habari tamu, lakini si kweli. Galileo alifariki Arcetri, karibu na Florence, Januari 8, 1642, kwa kalenda ya Gregori tunayoitumia hadi leo. Newton alizaliwa Woolsthorpe, Uingereza, siku ya Krismasi ya 1642, ila kwa kalenda ya Juliasi, ambayo Waingereza waliing'ang'ania mpaka 1752 na wakati huo ilikuwa nyuma kwa siku 10. Wapime wote wawili kwa Gregori: Newton anazaliwa Januari 4, 1643. Wapime kwa Juliasi: Galileo anafariki Desemba 29, 1641. Kwa vyovyote vile, miaka haikutani.

Ya nini kuadhimisha kisichokuwapo, ilhali kumbukumbu za kweli zipo tele? Oktoba 16, 1843, mwanahisabati William Rowan Hamilton alikuwa akitembea na mkewe kando ya mfereji huko Dublin alipong'amua ghafla jinsi ya kuzidisha namba zenye sehemu nne, baada ya kuhangaika kwa miaka na zenye sehemu tatu. Alitoa kisu, akachonga kanuni yake kwenye jiwe la daraja la Brougham. Mchongo umeshafutika. Hata hivyo, kila mwaka tarehe hiyo wapenzi wa hisabati hutembea kwa miguu kutoka kituo cha falaki cha Dunsink, alikoishi Hamilton, hadi darajani.