Tumbo la Mtoto Halingoji Masika Yaishe

Katika nyumba zetu nyingi, maumivu ya tumbo la mtoto hupewa jina kabla mtoto hajavuliwa shati. Ikiwa ni Desemba na miembe imezaa, basi amekula embe mbichi kwa chumvi na pilipili. Ikiwa ni Aprili na mvua haikatiki, ni minyoo, au homa ya matumbo, au malaria. Ikiwa shule zimefunguliwa juzi, hataki shule. Kila msimu una jibu lake, na kwa kuwa mara nyingi jibu hilo huwa la kweli, tumelizoea. Hatari iko siku ile moja ambayo si la kweli, mtoto ana kidole tumbo na sisi tunamkemea kwa habari ya maembe.

Kidole tumbo ni kifuko chembamba kilichoota mwanzoni mwa utumbo mpana, upande wa kulia, chini ya kitovu. Kina mlango mmoja tu. Mlango huo ukizibwa na kipande cha kinyesi kilichokauka, au na tezi za ukuta wake zilizovimba baada ya maambukizi, ute hukosa pa kutokea, vijidudu huzaliana ndani, kifuko hujaa na kukaza mpaka damu inashindwa kupita kwenye ukuta wake. Ukuta huoza, kisha hutoboka na kumwaga uchafu tumboni. Kuanzia maumivu ya kwanza hadi kutoboka, mara nyingi ni siku moja na nusu au mbili. Kwa mtoto mdogo inaweza kuwa mapema zaidi. Muda wote wa mzazi ni huo.

Je, majira ya mwaka yanahusika? Yanahusika, ila kwa kiasi. Nchini Marekani, watafiti waliopitia takwimu za hospitali za mwaka 1979 hadi 1984 walikuta wagonjwa wa kidole tumbo wakizidi kwa asilimia 11 hivi katika miezi ya joto kuliko miezi ya baridi. Waliopatwa zaidi walikuwa wa umri wa miaka 10 hadi 19. Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa walitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya laki sita, nao wakaona kwamba hata ndani ya msimu uleule, siku zikiwa na joto kuliko kawaida wagonjwa huongezeka. Kusini-magharibi mwa Nigeria, ambako hakuna theluji wala kiangazi cha Ulaya, madaktari waliona wagonjwa wakiongezeka wakati wa mvua.

Huku joto, kule mvua. Mtu makini ataona kwamba mawingu yenyewe hayana kosa. Yapo yanayoshukiwa: mwili kupungukiwa maji siku za jua kali hata choo kikawa kigumu, vijidudu vya tumbo vinavyosambaa kwa urahisi majira fulani, watoto kubadilisha chakula wakiwa likizo. Hakuna hata moja lililothibitishwa kuwa ndilo chanzo. Hiyo asilimia 11 nayo tuipime vizuri. Hospitali iliyopokea wagonjwa 100 wakati wa baridi itapokea 111 wakati wa joto. Kwa mpangaji wa zamu za madaktari hilo ni jambo kubwa. Kwa mama mwenye mtoto mmoja anayejikunja kitandani usiku wa Juni, halimsaidii kitu, kwa sababu ugonjwa huu hupiga hodi miezi yote kumi na miwili.

Kuhusu chakula, Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia ya ugonjwa huu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland, alifanya kazi Uganda kwa miaka mingi, kwanza Lira, baadaye Mulago. Aliona kwamba kidole tumbo, kilichokuwa kikijaza wodi za Uingereza, kilikuwa nadra kwa watu wa vijijini waliokula nafaka zisizokobolewa, maharage na mboga. Mwaka 1971 aliandika kwamba upungufu wa nyuzinyuzi katika chakula ndio mzizi wa tatizo. Wenzake walibishana naye, na mpaka leo si kila kitu alichosema kimekubalika. Hata hivyo, mzazi hakosei akimpa mtoto dona, mchicha na maji ya kutosha badala ya chipsi na soda kila jioni. Asichoweza ni kuahidiwa kwamba kwa kufanya hivyo amemkinga. Wapo wazee wanaosema bado kwamba huu ni ugonjwa wa mjini. Watoto wa vijijini wanaugua, na wao ndio walio mbali zaidi na chumba cha upasuaji.

Ninavyoona mimi, msimu hutudhuru zaidi kwa njia nyingine: unatuficha ugonjwa, kisha unatuchelewesha njiani. Wakati wa masika, mtoto mwenye homa na matapishi hununuliwa dawa ya minyoo duka la dawa. Kesho yake anapimwa malaria na homa ya matumbo, anapewa vidonge, anarudishwa nyumbani. Siku ya tatu tumbo limekuwa gumu kama ubao. Tena kuna barabara. Dar es Salaam kwenyewe, mvua kubwa ikinyesha bonde la Msimbazi hujaa na njia ya Jangwani hufungwa. Sembuse anayekaa ng'ambo ya mto usio na daraja. Anayeishi mahali kama hapo anatakiwa kuondoka mapema kuliko mwingine, maumivu yakiwa bado ya kutiliwa shaka, si pale yatakapokuwa ya hakika.

Badala ya kutazama kalenda, mtazame mtoto. Maumivu ya kidole tumbo kwa kawaida huanzia kitovuni, na ukimuuliza wapi, huzungusha kiganja chote juu ya tumbo. Baada ya saa kadhaa yanashuka kulia, na sasa anaonyesha kwa kidole mahali pamoja. Chakula akipendacho anakisukuma. Kutapika huja baada ya maumivu, tofauti na mtoto aliyekula kitu kibaya, ambaye mara nyingi hutapika kwanza. Akitembea huinama na kushika upande wa kulia. Akilala hukunja magoti na hataki kugeuzwa. Mwambie aruke kwa mguu mmoja. Wengi wenye gesi ya kawaida wataruka, lakini mwenye kidole tumbo hukataa, au huruka mara moja akashika tumbo. Katika hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza, madaktari waliwauliza watu wazima kama waliumia gari lilipopita juu ya matuta ya barabarani. Kati ya 34 waliothibitika kuwa na kidole tumbo, 33 walisema ndiyo. Mama aliyewahi kumpakia mtoto wa namna hii kwenye bajaji anajua maana yake.

Walio chini ya miaka mitano hawafuati mpangilio huo. Hawajui kueleza, wengine huharisha kidogo, na utando wa mafuta unaofunika matumbo yao bado ni mwembamba, hauwezi kuzingira usaha usisambae. Ni nadra kwao kuugua, lakini wakiugua wengi hufika hospitali kimeshatoboka. Kwao dalili ni homa, tumbo lililovimba, na mtoto ambaye hataki kabisa aguswe.

Mafuta ya nyonyo, dawa za kuharishisha na kupigwa bomba visitumike hata kidogo, kwa maana vinaweza kuharakisha kutoboka. Na maumivu makali yakitulia ghafla, usishangilie. Kifuko kinapopasuka msukumo hupungua, mtoto hupata nafuu ya muda mfupi, kisha tumbo zima huwaka.

Sir Frederick Treves alikuwa daktari mashuhuri wa ugonjwa huu. Mwaka 1902 ndiye aliyempasua Mfalme Edward VII wa Uingereza siku mbili kabla ya tarehe ya kutawazwa kwake, sherehe ikaahirishwa. Miaka miwili kabla ya hapo, binti yake mwenyewe alikuwa amefariki kwa kidole tumbo. Namtaja kwa ajili ya wazazi waliofiwa na wanaoishi na lawama: hata aliyebobea alifikwa.

Lipo jambo la malezi lililo chini ya haya yote, nalo ni namna tunavyomzoeza mtoto kusema anapoumwa. Tumewaambia kizazi hadi kizazi kwamba mbegu za mapera huingia kwenye kidole tumbo, na kwamba kukimbia baada ya kula ni kujitakia. Mbegu hukutwa humo kwa nadra sana. Lakini mtoto aliyeambiwa hivyo, akiumwa, hukumbuka mapera aliyochuma kwa jirani na kunyamaza mpaka usiku. Binti wa miaka 13 huambiwa ni hedhi, akajifunza kutosumbua watu. Wa bweni huitwa mtegaji kazi, na akishaitwa hivyo mara moja hasemi tena. Kwa hiyo anapolalamika, tuanze kwa kuuliza linauma wapi na tangu saa ngapi. Habari ya alichokula ije baadaye, bila ukali.

Mzazi mwenzangu, na wewe bibi, shangazi au matroni unayeachiwa watoto wa wenzako: maumivu makali ya tumbo yakimshika mtoto aliyekuwa mzima na kuendelea kwa saa sita, mpeleke penye daktari awezaye kupasua. Andika saa yalipoanza, umwambie daktari. Ukiambiwa ni malaria na tumbo bado linauma vilevile, rudi siku hiyohiyo, hata kama mvua inanyesha.