Dakika ya Arobaini

Mdogo wangu wa kike ana mtindo mmoja tukitazama tamthilia za hospitali. Daktari akishatamka jina la ugonjwa na ndugu wa mgonjwa wakashusha pumzi, yeye huitupia jicho saa ya ukutani. "Kaka, bado nusu saa," husema. "Hapo wamekosea." Hajasomea udaktari hata siku moja, na sikumbuki alipowahi kushindwa.

Anachokijua ni nini hasa? Ugonjwa haujui. Vile vipimo hawezi hata kuvitamka. Anajua umbo la hadithi, kama mtoto anavyolijua anaposikia kuwa fisi amemkamata sungura na moto wa bibi bado unawaka: haombolezi, anasogea karibu.

Tamthilia ya Kimarekani ya House, iliyorushwa kuanzia 2004 hadi 2012 ikafikisha vipindi 177, imeuegemea ujuzi huo bila haya. Mtu anaanguka, na mara nyingi si yule tuliyedhani ataanguka. Dalili zinaandikwa ubaoni. Ugonjwa wa lupasi unatajwa, lupasi inakataliwa, hadi ikawa utani. Dawa ya kwanza inaleta nafuu, kisha mgonjwa anazidiwa. Halafu, dakika ya arobaini au karibu na hapo, Daktari House anapiga soga na rafiki yake Wilson kuhusu jambo lisilohusika kabisa, ananyamaza katikati ya sentensi, macho yanamganda. Ameshajua.

Tuseme angejua dakika ya tano. Ugonjwa ungekuwa uleule na dawa ileile, lakini sisi tungeliona jibu hilo kuwa bahati, pengine hata uzembe wa mwandishi. Kumbe tunachokiita ufumbuzi hakimo ndani ya jibu. Kimo katika kungoja kulikolitangulia.

Kipindi cha kwanza kabisa kinalionyesha hilo vizuri kuliko waandishi wake walivyokusudia, nadhani. Mwalimu wa chekechea anaanza kubwabwaja mbele ya watoto, kisha anaanguka. Wanabahatisha hili na lile, wanampa dawa, zinamsaidia, zinamwangusha. Mwishowe anagoma: hataki tena kujaribiwa, arudishwe nyumbani akafie huko. Picha ya eksirei ya paja lake ndiyo inayomgeuza. Kwenye msuli yumo mtoto wa tegu wa nguruwe, ndugu wa yule ambaye House anasema yumo ubongoni mwake. Anakubali kumeza vidonge.

Kule New Jersey, iliko hospitali ya House, hilo ni fumbo la daktari bingwa na wasaidizi watatu. Huku kwetu, katika vijiji vya wafugaji wa nguruwe kama vile vya Mbulu, tegu huyohuyo anajulikana kwa watafiti kuwa miongoni mwa visababishi vya kawaida vya kifafa. (Wala hamwandami mla nguruwe peke yake. Mayai yake husafiri kwa mikono isiyonawiwa na kwa maji machafu, kwa hiyo hata asiyewahi kuionja nyama hiyo hajasalimika.) Wanafunzi wa udaktari Marekani hufundishwa kwamba wakisikia kishindo cha kwato wafikirie farasi, wasifikirie pundamilia. House anaishi kwa kuwawinda pundamilia. Uhamishie usemi huo Serengeti uone: farasi ndiye atakayewatoa watu nje kushangaa.

Basi uajabu hauko kwa mnyoo. Uko mahali alipokaa msimulizi.

David Shore, mbunifu wa tamthilia hiyo, alimchora House kwa kumtazama mpelelezi Sherlock Holmes. Naye Arthur Conan Doyle, aliyekuwa daktari, alikuwa amemchonga Holmes kwa mfano wa mwalimu wake wa Edinburgh, Joseph Bell. Daktari akageuka mpelelezi, mpelelezi akarudi kuwa daktari, lakini hakurudi mikono mitupu: alikuja na mhalifu. Katika hadithi ya upelelezi hakuna linalotokea hivihivi tu. Kila doa lina mwenyewe, na kila mtu, asema House, ni mwongo. Hapo namwona amekaa mkeka mmoja na mpiga ramli, ambaye naye huanza kwa kukushuku, hukataa sababu ya karibu, na hulichelewesha jina la mhusika hadi uwe umeiva kulipokea. Zana zao hazifanani, na mimi nikiugua nitakimbilia penye eksirei. Lakini wote wawili wanaahidi kwamba maumivu yako yana maana, na kwamba yuko mtu atakayeisoma.

Mwaka fulani nilimpeleka mama hospitali, ana homa ya siku tisa. Tulikaa kwenye benchi tangu alfajiri. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya zamu ya usiku, alimwona kwa dakika nne hivi. Vipimo havikuonyesha kitu. Akamwandikia vidonge, na baada ya siku tatu homa ikaondoka kama ilivyokuja. Hakuna aliyejua ilikuwa nini.

Majirani walipokuja kumpa pole, wa kwanza alisimuliwa hivyohivyo: homa, vidonge, nafuu. Kwa wa pili, mama alikumbuka kwamba alikuwa ametoka shughulini wiki ile. Wa tatu alipofika, na chai ikiwa mezani, tayari palikuwa na jagi la maji lisilofunikwa, na mpishi mmoja ambaye mama hakuwahi kumwamini.